Thabai Nyuma ya Nyumba Yangu

Ndugu msomaji, ikiwa una bustani ndogo nyuma ya nyumba, na katika pembe yake pamemea thabai, nakuomba uyasome maneno haya kabla ya kwenda dukani kununua dawa. Mimi nilikwenda dukani kwanza, nikauliza baadaye, na kosa langu hilo nusura walipe wengine.

Mimi ni karani wa Serikali. Ofisi yangu iko katikati ya jiji la Nairobi, na nyumba yangu iko Riruta, upande wa magharibi, ambako zamani palikuwa na mashamba na sasa majumba ya ghorofa yanazidi kuyameza. Nilipohamia huko nilifurahi kupata kiwanja kidogo nyuma ya nyumba. Aliyekaa pale kabla yangu alifuga ng'ombe. Zizi lilikuwa limekwisha kubomolewa, na mahali pake palikuwa pameota thabai zilizofika kifuani mwa mtu mzima.

Kwetu ni upande wa Ziwa, na mmea huu sikuuzoea. Wako wauitao upupu, lakini upupu wa watu wa pwani ni mmea mwingine, utambaao, na maganda yake ndiyo yawashayo. Thabai husimama wima, na majani na shina lake vimejaa vinyweleo. Kila kinyweleo ni kama sindano yenye tundu, na ncha yake ni ngumu tena nyepesi kuvunjika, mfano wa kioo. Ukikigusa, ncha hukatika, na sumu iliyomo huingia katika ngozi. Wataalamu huiita thabai yetu Urtica massaica, nayo ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki.

Jumamosi moja mwanangu wa miaka minne aliufuata mpira wake humo, akarudi analia, miguu imejaa vipele. Nilikasirika sana. Juma lililofuata, baada ya kazi, nilipita katika duka moja la dawa za shamba mjini nikanunua dawa ya kuua magugu, na Jumamosi jioni nikainyunyiza pembe ile karibu yote. Mimi ambaye kutwa nasoma majalada ya Serikali, maandishi ya chupa ile sikuyasoma hata nusu.

Sasa liko jambo ambalo sikulitilia maanani. Jirani yetu mmoja, bibi kizee ambaye sote humwita Shosho, alizoea kuingia kwetu kwa upenyo ulio katika ua wa kayaba, akachuma thabai na kuzitia katika kiondo chake. Sikumkataza, wala sikumwuliza azipeleka wapi. Nilidhani anawalisha sungura.

Jumapili tulipotoka kanisani nilikwenda nyuma kuitazama kazi yangu. Majani yalikuwa mabichi kama jana yake, kwa maana dawa ya namna ile huteremka mizizini polepole, na hupita siku kadhaa kabla ya majani kugeuka manjano. Lakini vilele vya thabai vilikuwa vimekatwa. Moyo ulinipasuka. Nilipenya ua ule mbio, kayaba ikanirarua koti, nikamkuta Shosho ameketi mbele ya jiko la makaa. Sufuria ilikuwa inachemka, na wajukuu zake watatu walikuwa wanangoja na sahani zao.

Nikasema, "Shosho, tafadhali usiwape! Jana nilitia dawa."

Akaiepua sufuria, akaiweka kando, akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, mbona hukuniambia? Ningezichuma zote Ijumaa, wala usingetafuta dawa."

Hakuongeza neno. Tuliyafukia majani yale katika shimo, nasi tukawapelekea chakula kutoka kwetu. Lakini maneno yake yaliniingia kuliko karipio lo lote nililopata ofisini.

Siku ya pili yake, saa ya chakula cha mchana, niliketi katika hoteli ninayoizoea mjini, nikaletewa mukimo wa kijani kibichi. Siku zote nilidhani kijani kile ni majani ya maboga. Nikamwuliza mpishi, akacheka, akasema, "Leo ni thabai, Bwana." Basi nikafahamu kwamba chakula ninachokilipia mjini ndicho nilichokuwa nakiua nyumbani.

Nilirudi kwa Shosho kama mwanafunzi, naye akanifundisha. Pale nilipotia dawa hapakutumika kwa chakula msimu ule. Lakini upande wa ua nilikuwa sikunyunyiza, na mvua ziliponyesha thabai mpya zikachipua huko.

Chuma vilele vichanga tu, kabla mmea haujatoa maua, kwa maana majani makuukuu ni magumu na hayafai. Kinga mikono kwa glavu au kitambaa kizito. Osha majani kwa kuyakoroga majini kwa mwiko, kisha yachemshe mpaka yalainike. Moto huuondoa uwashaji wote. Yaponde pamoja na viazi, mahindi na maharagwe, na hapo una mukimo. Mboga hii ina madini ya chuma na chokaa kwa wingi. Hata Ulaya, ambako kuna thabai za jamaa hiyo hiyo, watu huzipikia supu. Na katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 Wajerumani, walipopungukiwa na pamba, walisokota nyuzi zake wakafuma nguo.

Zile zilizozidi kukomaa, zikate kabla ya kutoa mbegu, uzitie katika ndoo ya maji yenye kifuniko, uziache majuma mawili. Harufu yake ni mbaya, hilo sikufichi. Chukua kipimo kimoja cha maji hayo, changanya na vipimo kumi vya maji safi, umwagie sukumawiki shinani. Na ukitaka kuiondoa thabai kabisa mahali fulani, chimba kwa jembe uma, ufuate mizizi itambaayo chini, uianike juani mpaka ikauke. Kipande kikibaki, kitachipua tena.

Tena jua kwamba thabai hupenda udongo ulioshiba samadi. Kumea kwake pale zizini kulikuwa kunaniambia kwamba nimepata ardhi njema, nami sikujua kuisoma barua ile. Leo sukumawiki zangu ziko upande mmoja, zimenawiri. Ukingoni mwa ua nimeacha thabai upana wa hatua mbili, nimezizungushia seng'enge ili mtoto asifike. Shosho huja na kiondo chake kama zamani, na mara nyingine hutuachia sehemu yetu mlangoni.

Ndugu, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kabla hujaking'oa au kukitilia dawa kitu cho chote kiotacho kwako, muulize jirani yako mzee kinaitwaje na nani anakitumia. Mimi nilikawia kuuliza siku moja tu, na siku hiyo chakula kilikuwa tayari jikoni.