Mawakili Wawili na Shamba la Mbaazi

Hapa kwetu Mkotokuyana watu huniuliza swali moja mara kwa mara. Inakuwaje mtu aliyesoma sheria asimame mbele ya hakimu kumtetea mtu ambaye kijiji kizima kinasema ni mkosaji? Mimi si mwanasheria. Nina cheti cha kilimo, na kazi yangu ni ugani. Lakini bwana shamba huitwa mahakamani, hasa ng'ombe wanapokula mazao. Kwa hiyo kazi ya mawakili nimeiona kwa karibu, nikiwa shahidi.

Kesi ninayoieleza ilihusu mbaazi. Mnajua jinsi tunavyolima. Mahindi na mbaazi tunapanda pamoja. Mahindi tunavuna mapema, mbaazi zinabaki shambani mpaka Julai, Agosti, hata Septemba. Wakati huo majani ya porini yamekauka, na mbaazi bado zina kijani. Ng'ombe hawahitaji kuonyeshwa njia.

Basi usiku mmoja ng'ombe waliingia shamba la bibi mmoja. Asubuhi niliitwa. Nilipima eneo kwa futi kamba, nikahesabu mashina yaliyoliwa na yaliyosalia, nikaandika taarifa. Mchungaji, kijana wa miaka 19, akakamatwa na kushtakiwa kuwa aliharibu mali kwa makusudi. Alikana shitaka. Alisema ng'ombe walivunja zizi yeye akiwa amelala.

Zamani kesi nyingi za jinai katika mahakama za wilaya ziliendeshwa na polisi. Baada ya sheria ya mwaka 2008, kazi hiyo ilianza kuhamia kwa mawakili wa serikali. Leo wako chini ya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Wakili wa serikali katika kesi yetu alikuwa binti mdogo, sawa na mwanangu wa kwanza. Wakili wa mshtakiwa, aliyelipwa na mwenye ng'ombe, naye alikuwa kijana. Hao hawakuokotwa njiani. Siku hizi mtu husoma sheria chuo kikuu miaka kadhaa, kisha husoma sheria kwa vitendo Dar es Salaam, ndipo Jaji Mkuu amwapishe kuwa wakili.

Kwetu mmoja hushtaki na mwingine hutetea. Kule Uingereza wakili kijana aweza kushtaki wiki hii na kutetea wiki ijayo. Kanuni yao inamtaka apokee kesi inayomfikia, ikiwa ni ya kazi anayoijua, kama vile teksi iliyo mbele kwenye foleni inavyompokea abiria anayefika. Wala msidhani wote ni matajiri. Mwaka 2022 mawakili wa jinai wa huko waligoma kwa sababu ya malipo madogo.

Kabla ya siku ya ushahidi jirani mmoja alinijia nyumbani. Akasema, "Bwana shamba, wewe ni mtu wa serikali. Sema tu ulimwona akiwaswaga. Nani atabisha?" Nilimjibu kwamba sikumwona. Akaondoka amekasirika, na kwa siku kadhaa salamu zake zilikuwa fupi.

Mahakamani yule binti alituita mashahidi pembeni. Nilidhani atatufundisha maneno ya kusema. Aliniambia hivi tu, "Baba, sema ulichoona. Usiongeze, usipunguze." Nilimheshimu tangu hapo.

Nilitoa ushahidi wangu. Kisha wakili wa mshtakiwa akasimama.

"Shahidi, ulimkuta mshtakiwa shambani?"

"Hapana. Nilikuta kwato, kinyesi kibichi na mbaazi zilizoliwa."

"Uliona nyayo za mtu kati ya hizo kwato?"

"Sikuona."

"Ng'ombe waliovunja zizi wangeacha kwato tofauti na hizo?"

"Hapana. Wangeacha hizohizo."

Watu nyuma yangu wakaguna. Yule binti akasimama tena, akaniuliza ardhi ilikuwaje. Nikasema ilikuwa ngumu na kavu. Mtu mwenye ndala akipita, je, lazima aache alama? Nikasema si lazima. Hapo niliona kazi yao. Kila mmoja alichukua maneno yangu yaleyale na kumwonyesha hakimu upande ambao mwenzake hakuuonyesha. Nasi wote tulisikia, kwa kuwa yote yalisemwa kwa Kiswahili, ambacho sheria ya mwaka 2021 ilikifanya kuwa lugha ya mahakama.

Hakimu alisema hasara imethibitika. Lakini makusudi hayakuthibitika. Katika kesi ya jinai upande wa mashtaka lazima uthibitishe bila kuacha shaka ya maana, na shaka ikibaki ni faida ya mshtakiwa. Tena Katiba yetu, tangu mabadiliko ya mwaka 1984, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Kijana akaachiwa huru.

Wengi walimlaumu wakili wake. Mimi najiuliza: kama ningesema alivyotaka jirani, na kama asingekuwapo mtu wa kunihoji, nani angejua? Kijana angefungwa kwa uongo wangu. Mwenye ng'ombe alikuwa na fedha za wakili. Asiye na fedha aulize habari za msaada wa kisheria, ambao una sheria yake ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria waweza kumshauri na kumwelekeza, ingawa hawaruhusiwi kumsimamia kesi mahakamani.

Bibi alitoka nje analia. "Mbaazi zangu zimepotea hivihivi, mjukuu wangu," alimwambia yule binti. Binti akaketi naye chini ya mwembe. Alimweleza kuwa ile ilikuwa kesi ya Serikali na kijana. Kesi ya madai ni ya bibi mwenyewe, na anayedaiwa ni mwenye ng'ombe. Huko hakimu hupima ushahidi wa upande upi ni mzito zaidi. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba ng'ombe ni wake, walikula, na hasara ni kiasi gani. Makusudi si lazima.

Bibi alikuja kwangu kuomba nakala ya taarifa ya tathmini. Akafungua madai Mahakama ya Mwanzo. Mwenye ng'ombe aliposomewa hesabu ya mashina hakubisha, akaomba kulipa kwa awamu mbili. Ya kwanza bibi aliipata kabla ya mvua za kupandia. Ya pili tunaingoja.