Karatasi Chini ya Godoro

Mwezi uliopita nilikwenda Mapera kumsalimia dada. Usiku shemeji, mchimbaji wa makaa ya mawe, alikohoa mpaka alfajiri. "Baridi tu ya huku Umatengo, mdogo wangu," dada akaninong'oneza. Wapi!

Asubuhi, katika kutandika, tukakuta karatasi ya vipimo chini ya godoro.

"Shemeji, nilihofia kazi," akajitetea. "Na dada yako angekosa usingizi."

Jamani, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi, kisha kila baada ya muda. Kwa mchimbaji, majibu ya kupuliza kwenye mashine hulinganishwa na ya zamani. Hapo ndipo pumzi iliyopungua hugundulika mapema. Kovu la vumbi mapafuni halifutiki, ila mtu anaweza kuondolewa penye vumbi kabla hali haijawa mbaya.

Wiki hiyo walikwenda hospitali wote wawili. Sasa karatasi zinakaa pamoja na cheti cha ndoa.

Je, ya mwenzio umeiona?