Gogo na Tasnifu

Mtu huweza kusoma miaka mingi, kisha akaja kufundishwa na gogo siku moja. Jambo hili lilinipata katika maporomoko ya Kalambo, mahali mto unapoanguka zaidi ya mita 200 katika mpaka wa Tanzania na Zambia.

Tulitoka Sumbawanga alfajiri, tukapita Matai, tukaingia katika msitu wa hifadhi. Tulipofika ukingoni tuliona ndege wakubwa wakiruka chini ya miguu yetu, na ngurumo ya maji ilitunyamazisha sote.

Ng'ambo ya mto, juu ya maporomoko, Desmond Clark alianza kuchimba katika mwaka wa 1953, akavumbua zana za mawe na vipande vya miti. Katika mwaka wa 2019 Larry Barham na wenzake walipata huko magogo mawili yaliyopishana, yakashikana kwa pengo lililochongwa makusudi. Taarifa yao ya mwaka wa 2023 yasema kwamba kazi hiyo ina umri wa miaka 476,000 kwa uchache. Zamani kabla watu wa namna yetu hawajatokea duniani. Labda lilikuwa jukwaa, labda msingi wa makao. Miti ya kale huoza. Hii ilisalimika kwa kuwa ilizama katika tope lisilokauka.

Tulizoea kuwaita wazee wale watu wa mawe, kwa sababu jiwe ndilo lililotufikia. Mti wao ulioza, nasi tukadhani hawakuujua.

Hapo nilimkumbuka baba yangu. Alikuwa seremala, hakujua kusoma wala kuandika. Nilipotunga tasnifu yangu ya udaktari niliwashukuru walimu, wakutubi, hata mpiga chapa, yeye sikumtaja. Nilidhani kwamba shukrani ya kitabu ni haki ya watu wa kitabu, hali karo yangu ilitoka katika milango na meza alizouza. Sasa amekwisha kufa, na tasnifu imekwisha kujaliwa jalada.

Sina budi kukiri kosa langu. Nilihesabu kilichobaki katika karatasi, nikausahau mkono uliochonga. Tangu safari ile, wanafunzi waniulizapo ni nani aliyenifundisha, humtaja baba kwanza.