Metali, Kaboni na Oksijeni: Kutoka Ilungu la Ufipa

Katika nyanda za juu za Ufipa, kuizunguka Sumbawanga, yangalipo mabaki ya malungu, matanuri marefu ya udongo ambayo Wafipa waliyatumia kupatia chuma hadi kazi hiyo ilipofifia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia mirija ya udongo, ikivutwa na joto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika kintengwe, tanuri dogo lenye mivukuto. Ilungu lilihesabiwa kuwa bibi harusi, na mafundi walijitenga na wake zao hadi kazi ikamilike. (Kiswahili husema chuma "kiliyeyushwa", ingawa kilichoyeyuka humo hasa ni mavi ya chuma.)

Wahusika wa tanuri hilo walikuwa watatu. Kaboni ya mkaa iliungua ikawa kaboni monoksaidi, nayo ikaunyang'anya udongo wa chuma oksijeni yake. Metali ikabaki peke yake.

Wahusika hao hao hukutana kwa namna nyingine katika kampaundi ambazo metali ya alkali imefungamana na kaboni moja kwa moja, kama vile butili-lithiamu. Hapa oksijeni haifukuzwi, bali huingia kati ya wawili hao. Kwanza hutokea kampaundi ya jamii ya peroksaidi; hii ikikutana na butili-lithiamu nyingine, oksijeni hugawanywa, zikapatikana alkoksaidi mbili. Aina moja ya butili-lithiamu hushika moto yenyewe ikiguswa na hewa, hivyo hutumiwa ndani ya gesi ya agoni, kama vile sodiamu ya shuleni inavyofichwa katika mafuta ya taa.

Mwanafunzi wa sekondari mjini Sumbawanga husomeshwa kemia kwa Kiingereza. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilikwisha kumpa majina. Mabishano yetu ya istilahi yameshughulikia mno nomino, ilhali kunyang'anya, kuingilia na kugawana ni vitenzi alivyokuja navyo kutoka nyumbani. Vitenzi hivyo navyo vina mitego yake. Husemwa kwamba chuma "kimeliwa na kutu", kana kwamba kutu ndiyo mtenda. Kumbe kutu ni chuma chenyewe, kilichokwisha kuungana na oksijeni na maji. Mlaji hatajwi katika sentensi hiyo.