Rili kuukuu: kabla hujabadilisha breki, angalia ulimi

Najua wengi wenu mnasubiri sehemu ya pili ya somo la mwani, nayo itakuja. Leo naomba nizungumze na wavuvi wa mshipi na wale wanaowakopesha, kwa sababu mwezi huu nimeulizwa na watu watatu swali lile lile: "Bwana samaki, nimepata rili ya zamani, niifanyeje iwe na nguvu?" Nitakujibu, lakini nianze na kosa langu mwenyewe.

Nina mjomba wangu ambaye anavua nguru na jodari kwa mshipi wa mkono tangu mimi sijazaliwa. Ukimpa mkono kumwamkia unasikia makovu ya nyuzi kwenye kiganja. Miaka miwili iliyopita aliniambia, bila ya kunitazama, kwamba samaki wa kilo ishirini sasa anamshinda. Mshipi ukianza kukimbia anauachia. Kwa mtu kama yeye, hayo si maneno madogo.

Wakati huo boti moja ya kuvulisha wageni ilikuwa inauza vifaa vyake vilivyochoka, na baharia mmoja akaja na rili kijijini. Alitaka 150,000. Mjomba hakuwa nayo. Mama mmoja mnunuzi wa samaki, ambaye kwa miaka amekuwa akimpa mafuta na barafu kwa mali kauli, akatoa pesa yote. Makubaliano yalikuwa alipwe kwa samaki, kidogo kidogo, mpaka deni liishe.

Rili yenyewe ilikuwa Penn Senator ya 4/0, ile yenye vifuniko vyeusi vya pembeni na namba 113. Kampuni ya Penn ilianzishwa na Otto Henze mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, na Senator zikaanza kutoka 1936. Umbo lake la ndani halikubadilika sana kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo faida yake kwetu: kipuri cha leo mara nyingi kinaingia kwenye rili aliyoiacha babu wa mtu. Ukikuta namba ina herufi H, kama 113H, ujue gia yake inakimbiza ngoma haraka zaidi. Hiyo ni nzuri kwa kukokota chambo, lakini nzito kuzungusha samaki akiwa chini.

Sasa nikueleze breki, maana hapo ndipo kila mtu anapotaka kuanza. Ile nyota iliyo chini ya mkono wa rili ukiikaza, inabana rundo la washa zilizomo ndani ya gia kubwa. Washa za chuma na washa laini zinapishana. Za chuma ziko za aina mbili: zenye masikio, ambazo zinazunguka pamoja na gia, na zenye tundu la ubapa, ambazo zinashikwa na kibomba cha katikati. Samaki akivuta, aina hizi mbili zinasuguana kupitia zile laini, na uzi unatoka kwa ukinzani. Zamani washa laini zilikuwa za ngozi au za faiba. Zikizeeka zinakauka, zinang'aa kama kioo, na breki inakuwa ya kushtuka: inashika, inaachia ghafla, inashika tena. Uzi unakatikia hapo.

Dawa yake ni washa za kaboni. Penn wenyewe wanazo, zinaitwa HT-100, na ni nyepesi kiasi kwamba seti nzima inaingia kwenye bahasha ya barua. Kijana mmoja wa kwetu anayefanya kazi Muscat alituletea. Nilifungua rili juu ya meza ya ofisini, nikapiga picha kila hatua kwa simu (na wewe fanya hivyo, usiamini kichwa chako), nikatoa washa kuukuu, nikaweka mpya. Za zamani usizisugue kwa msasa ili uzitumie tena, kwa sababu breki za mashine nyingi za zamani zilichanganywa asbesto, na vumbi lake si la kuvutia mapafuni. Zitupe.

Breki ikawa laini ajabu. Nikaongeza na mkono mrefu kutoka rili nyingine iliyokufa, nikajaza uzi wa kusuka badala ya plastiki, nikamwambia, "Mjomba, sasa kaza. Hakuna samaki wa kukushinda."

Wiki ya pili alipata jodari nje ya mwamba. Vijana aliokuwa nao chomboni waliniambia breki ilishika vizuri, samaki akaanza kupungua nguvu, kisha ikasikika "tak", na mkono wa rili ukaanza kuzunguka kinyumenyume kwa kasi. Ulimpiga vidole. Viwili vilivunjika. Samaki alikwenda na uzi wote.

Nilipofika kumuona aliitikia shikamoo yangu, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mpwa wangu, si uliniambia nikaze?" Sikuwa na la kujibu.

Nikairudisha rili mezani. Msomaji, tazama hapa vizuri, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Kinachozuia mkono wa rili usirudi nyuma ni ulimi mmoja mdogo wa chuma, hauzidi ukucha wa kidole cha mwisho, unaoingia kwenye meno yaliyo chini ya kibomba. Springi nyembamba inausukuma uingie. Springi ya mjomba ilikuwa imeliwa na kutu. Ncha ya ulimi ilikuwa imeviringika. Meno ya kibomba yalikuwa yamelika kwa miaka mingi ya kazi. Breki ile kuukuu ilikuwa dhaifu, na udhaifu wake ndio uliokuwa unaulinda ulimi: kabla ulimi haujashindwa, breki ilikuwa imeshateleza. Mimi nikaja nikaitia breki nguvu, na mzigo wote nikautupa juu ya kipande kile kimoja ambacho sikukigusa. Mkono mrefu nao ukafanya pigo liwe baya zaidi.

Kwa hiyo ukiniuliza leo uanze na nini, nakuambia anza na ulimi, springi yake na kibomba. Vibomba vya chuma kisichoshika kutu vinapatikana kwa rili hizi, na ulimi na springi ni vipuri vya bei ndogo. Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili: kaza nyota mpaka mwisho, shika mkono wa rili, usukume kinyume pole pole lakini kwa nguvu. Ukiruka jino hata moja, au ukirudi nyuma sana kabla ya kushika, rili hiyo usiende nayo baharini. Vidole viweke mbali na njia yake.

Breki inafuata baada ya hapo. Kaboni inafanya kazi hata ikavu. Ukitaka kupaka, paka kidogo sana grisi maalumu ya breki za rili, si grisi ya beringi za pikipiki, maana hiyo itafanya breki iteleze. Gia, ulimi na nyuma ya skrubu ndiko kwa kupaka grisi isiyotoka na maji. Mafuta ya nazi tuyaachie mchuzi. Yakikaa ndani ya rili yanaganda na kunata, na ulimi ukinata hauingii kwenye meno. Kutu ya kijani unaitoa kwa siki iliyochanganywa na maji, nusu saa inatosha, kisha suuza na kausha kabisa.

Ngoma za plastiki, kama zile za Jigmaster nyingi, ni jambo la kuangaliwa peke yake. Uzi wa plastiki unanyumbuka samaki anapovuta, ukirudishwa kwenye ngoma ukiwa umevutika unabana, na ngoma inaweza kupasuka hata ikiwa imewekwa nyumbani. Badili utie ya chuma. Na uzi wa kusuka usiufunge moja kwa moja kwenye ngoma tupu, utateleza wote kwa pamoja ukadhani breki imekufa. Tangulizia mizunguko ya uzi wa plastiki chini yake.

Sasa upimaji, na hapa wafanyabiashara wa samaki mna kazi. Ile mizani ya kuning'iniza unayopimia samaki ndiyo ya kupimia breki. Funga uzi kwenye ndoano ya mizani, mmoja ashike rili, mwingine avute taratibu, msome namba uzi unapoanza kutoka na unapoendelea kutoka. Kwa kawaida breki huwekwa kati ya robo na theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa paundi 50 ni kama kilo 23, kwa hiyo ni kilo sita mpaka saba na nusu. Kwa 4/0 ya zamani mimi sizidi sita, hata vipuri vyote vikiwa vipya. Kumbuka pia kwamba samaki akichukua uzi mwingi, ngoma inabaki nyembamba na breki ile ile inavuta kwa nguvu zaidi. Unene ukibaki nusu, ukinzani unakuwa mara mbili. Basi jodari akikimbia mbali unalegeza nyota, hukazi.

Ukirudi pwani, mwagia rili maji baridi kwa upole. Presha ya mpira inaisukuma chumvi ndani. Kisha legeza nyota kabisa ilale hivyo, washa zipumzike.

Mjomba alikaa wiki saba bila ya kwenda baharini. Kibomba, ulimi na springi nilinunua mimi, na yule mama hakudai kitu wakati huo wote. Siku aliporudi kazini alikuja ufukweni na mizani yake mwenyewe, akasema hatoi barafu mpaka aone namba. Ilisoma tano na nusu. Akaniangalia, akasema, "Iache hapo hapo, bwana samaki." Tangu hapo kila Jumamosi anapima, na mjomba analalamika kwamba amekuwa mwanafunzi.

Msimu huu wa kaskazi ameleta nguru kumi na mmoja kwa rili ile. Kidole kimoja hakinyooki, kwa hiyo anauzungusha mkono kwa kiganja. Deni limebaki 35,000.