Safari ya Cheju Wakati wa Mavuno

Wengi wetu tukaao mjini Unguja twala wali karibu kila siku, wala hatuulizi ulikotoka. Sehemu kubwa ya mchele wetu hushushwa bandarini kutoka ng'ambo. Walakini upo na ulimwao papa hapa kisiwani, katika mabonde kama Mtwango, Bumbwisudi, Kibokwa na Cheju. Mwezi wa Julai tulikwenda Cheju tukakaa siku nne, nasi twapenda kuwaeleza tuliyoyaona huko, hasa habari za mashine moja kuukuu ya kuvunia mpunga na maradhi yake.

Atokaye mjini huishika njia ya Mwera. Huko udongo ni mzito, na minazi na miembe hutia kivuli pande zote. Hupita Dunga, palipo magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu aliyefariki mwaka 1865, kisha Jendele, na mbele yake miti hupungua na nchi hufunguka. Upande wa mashariki ni ardhi ya mawe ya matumbawe, isiyoshika maji. Lakini katika bonde la Cheju maji hutuama, na majaruba ya mpunga yamepangwa kama mikeka iliyotandikwa. Wakati ule wa kipupwe mpunga ulikuwa umekwisha geuka rangi, na pepo za kusi zikiulaza na kuuinua.

Wenye majaruba wengi ni wanawake. Desturi yao ni kuvuna kwa kisu kidogo, suke kwa suke. Ni kazi safi, lakini ya polepole, na mpunga ulioiva haungoji mtu. Ukikawia hupukutika, ukinyeshewa na mchoo hulala chini, na punje huota zingali shambani. Ndiyo sababu watu huandikisha majina yao na kungoja zamu ya mashine, ambayo huiita kombaini.

Mashine ya namna hii si jambo jipya duniani. Hiram Moore wa Michigan, Marekani, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1836, nayo ilikokotwa na farasi. Kazi zake ni tatu kwa safari moja: hukata, hupura, na hupepeta. Mbele yapo meno ya kukatia; mabua hupandishwa na mnyororo mpaka kwenye ngoma ya chuma izungukayo kwa kasi, nayo huyapigapiga juu ya chekeche ya nondo hata punje zikatoka. Kisha feni hupuliza makapi nje, na mpunga huingia tangini. Hiyo ya Cheju hutembea kwa minyororo mipana ya mpira badala ya magurudumu, isizame topeni. Rangi yake ilikuwa imekwisha zamani.

Siku ya kwanza hawakuiwasha mpaka saa nne. Tulidhani ni uvivu, kumbe ni umande: bua lenye maji hujisokota kwenye ngoma kama kamba. Mpunga wenyewe hufaa kuvunwa ukiwa na maji kiasi cha asilimia 20 hadi 25, kisha huanikwa ushuke mpaka 14 kabla ya kutiwa ghalani. Lakini umande wa juu ni adui.

Hata ilipowashwa, haikumaliza jaruba la pili. Tulisikia mlio wake ukishuka, kisha harufu ya mpira unaoungua, kisha kimya. Ngoma ilikuwa imekabwa na mabua. Dereva, kijana mwepesi, alitaka kutia mkono na injini ingali ikinguruma. Fundi, mzee wa makamo mwenye maneno machache, akamshika bega, akasema, "Zima kwanza, mwanangu. Ngoma haijui mkono wala bua." Akatia mtaimbo, akairudisha ngoma nyuma kidogo kidogo, na mabua yakatoka.

Wakawasha. Hatua kumi, ikakabwa tena.

Hapo ndipo tulipoona tofauti ya fundi na mtu wa kubahatisha. Kijana alisema mabua ni mabichi. Mwingine alisema injini imechoka. Fundi hakubisha. Alisema mabua yale yale yalipita vema katika jaruba la kwanza, na injini haikuzimika mpaka alipoizima yeye. Basi nguvu ipo, na kazi ipo. Kilichokatika ni njia katikati yao. Akaenda kwenye mkanda wa mpira uzungushao ngoma na feni, akaubonyeza kwa kidole gumba, ukazama mno. Ubavu wake ulikuwa uking'aa kama kioo, na moto kuugusa. Mkanda ung'aao hivyo unateleza. Akajaribu kuukaza, lakini gurudumu la kukazia lilikuwa limefika mwisho wa nafasi yake: mkanda ulikuwa umenyooka kwa uzee.

Bibi mmoja, mwenye jaruba la tatu, akaja. "Fundi, mpunga wangu utalala leo?"

"Utalala, bibi yangu, na kesho pia. Mkanda hauko hapa."

Bibi akafunga kanga kiunoni, akawaita wanawe, wakaingia na visu.

Tulitumwa sisi mjini, kwa kuwa njia za Mji Mkongwe na maduka ya Ng'ambo twayajua. Fundi alitupa maagizo ambayo twayaandika hapa, kwani yatawafaa wengi wenye mashine. Tarakimu za mkanda wa zamani zilikuwa zimefutika. Akasema tusipime urefu wa ule uliochakaa, maana umenyooka na utatudanganya. Yeye mwenyewe alirudisha gurudumu la kukazia katikati ya nafasi yake, akazungusha uzi palipo na mkanda, akafunga fundo. Herufi ya mkanda huonyesha upana: B ni milimita 17 hivi, C ni 22. Tarakimu huonyesha urefu kwa inchi. Mkanda wa B ukiwekwa katika kijito cha C huzama mpaka chini ukateleza, ujapokuwa mpya.

Mjini tulizunguka mchana kutwa tangu Darajani, palipokuwa na mkono wa bahari uliojazwa udongo zamani, hata ndani ya Ng'ambo. Mikanda ya magari ilikuwa tele. Wa kwetu haukuwako. Ikatubidi kupanda boti asubuhi kwenda Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili hivi, tukaupata, tukarejea. Njiani tulikumbuka mpango wa njugu wa Kongwa wa mwaka 1947, uliosimamishwa mwaka 1951: matrekta yaliletwa kwa mamia, mengi yakiwa yamekwisha tumika, na vipuri havikutosha. Hata serikali yenye fedha nyingi yaweza kusimamishwa na kitu kinachoingia mfukoni.

Mkanda ukafungwa, mashine ikala mpunga kama mwenye njaa, na watu wakapiga vigelegele. Lakini wanawake waliokuwa wakipita nyuma na nyungo zao wakanyamaza. Mmoja akaokota makapi, akayapepeta, akamwonyesha fundi: punje nzima, tena nzito.

Mambo yalikuwa hivi. Mkanda wa zamani ulipokuwa ukiteleza, feni ilikuwa dhaifu, na dereva akaufungua mlango wa upepo wote ili makapi yatoke. Sasa feni ilikuwa na nguvu zake kamili, na mlango ungali wazi. Upepo ukachukua makapi na mpunga pamoja. Fundi akaufunga nusu, akatandika turubai nyuma, akaendesha hatua chache, akahesabu punje. Akaufunga tena kidogo. Mara ya tatu aliridhika. Kwa maoni yetu, wanawake wale waliokoa mpunga mwingi kuliko mkanda.

Siku ya nne wingu lilitoka upande wa Chwaka. Fundi akafunika mkanda kwa magunia, maana ukilowa huteleza, naye dereva akapunguza mwendo, badala ya kuuzidisha kama watu walivyompigia kelele, ngoma isije ikakabwa tena. Mvua ilipoanguka, saa kumi, yalibaki majaruba matatu, na wenyewe walikuwa wamekwisha ingia na visu.