Jembe na Kipande cha Udongo

Wengi wetu tulijulishwa jembe shuleni kama adhabu. Ukichelewa, unapewa jembe. Ukiongea darasani, unapewa jembe. Basi tusishangae kijana wa miaka kumi na tano akiona kwamba wenye akili ni wale wanaoshika njia ya Rubaya kwa huku Masisi, ama ya Bisie kwa upande wa Walikale. Kule machimboni franga inaonekana upesi. Maharagi yanakungojesha miezi mitatu. Hatuwatukani wachimbaji, maana nyumba nyingi zetu zinakula kwa kazi hiyo. Lakini udongo wa machimbo umekwisha kufunika watoto wa watu.

Tulipoanza kukusanya vijana kila Jumamosi, tuliacha hotuba, tukaanza na ugonjwa wa migomba. Mnyauko huu ulionekana Masisi tangu mwaka 2001, na umemaliza mashamba yaliyokuwa yakitupa chakula, kasiksi na minervali ya watoto. Kila mtu anaujua: majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia. Wengine walisema ni uchawi wa jirani. Tukawaonyesha vijana kwamba wadudu wanaubeba kutoka ua hadi ua, na panga letu wenyewe linaubeba kutoka shina hadi shina. Kwa hiyo panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara ndizi za mwisho zinapojitokeza. Shina lililougua likatwe chini kabisa, lile peke yake, mengine yaachwe.

Kazi hii waliipenda, kwa kuwa ina akili ndani yake. Siku hizi wanazunguka kwa majirani na vijiti vyao, na wazee ambao sisi hawatusikilizi, wao wanawasikiliza. (Tumeyameza hayo.)

Baadaye tukaingia kwa maharagi yanayopanda vijiti. Kwenye shamba dogo la mlimani yanazaa kuliko yale mafupi, maana yanatafuta nafasi juu. Dada zetu wa Walikale wanatucheka tukilia vijiti: wao wana msitu, wanawafundisha vijana wao muhogo na mpunga.

Shida iliyobaki ni udongo wenyewe. Masisi vilima vingi ni malisho ya ng'ombe ya watu wachache, na wengi wetu tunalima kwa salongo: unamfanyia mwenye shamba siku zake, ndipo unapata kipande. Vita navyo vinatukimbiza, na ukirudi unakuta mwingine amepanda. Kijana amejifunza vizuri, lakini apande wapi? Na msichana je? Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inamhesabu kuwa mrithi sawa na kaka yake, ila nyumbani mashamba yakigawanywa jina lake halitajwi.

Malisho hatuwezi kuyagawanya sisi. Kona ya nyuma ya jiko tunaweza. Tulikubaliana kila mama ampe mtoto wake kona, wa kiume na wa kike, na mavuno yawe ya mtoto, si ya sufuria ya nyumba. Hapo tulibishana mchana mzima. Wengine walisema mtoto akishika franga ataharibika. Tukawajibu kwamba machimboni atazishika vilevile, tena mbali na macho yetu. Kijana mmoja aliuza beseni lake la maharagi, akanunua kuku wawili. Tangu hapo hatumwiti tena kwenda shambani, anatutangulia.

Sezoni A inaanza Septemba. Mwenye mbegu za maharagi ya vijiti alete kikombe kimoja Jumamosi. Mwenye kona isiyolimwa amwambie mkubwa wa kikundi chake. Wasichana nao waje na mapanga yao, moto tutawasha sisi.